Jengo la Muda, Msiba wa Kudumu: Funzo Kutoka Bustani ya Burudani ya New Jersey

SOMO LA USALAMA WA UMMA

Kila shule zinapofungwa, na hasa wakati wa Pasaka na Krismasi, wazazi hutafuta mahali pa kuwapeleka watoto wakachangamke. Bembea za mashine hufungwa uwanjani kwa siku chache, mahema husimamishwa, makontena hugeuzwa vyumba vya michezo, na jenereta huanza kunguruma. Shughuli nyingi za aina hii huitwa "za muda". Neno hilo limezoeleka, na mara nyingine hutolewa kama sababu ya kutofuata masharti ambayo mwenye jengo la mawe analazimika kuyafuata.

Somo hili linaeleza kwa nini neno hilo linahitaji kuangaliwa kwa makini. Linatumia tukio moja lililotokea Marekani mwaka 1984, katika bustani ya burudani iliyo karibu na jiji la New York, ambapo vijana wanane walifariki ndani ya jengo lililochukuliwa kuwa la muda.

Baada ya kulisoma, mwananchi ataweza:

1. Kueleza jinsi jengo la burudani linavyoweza kukosa ulinzi wa moto bila sheria kuonekana kuvunjwa.
2. Kukadiria kama milango ya hema au ukumbi inatosha idadi ya watu walio ndani.
3. Kujua mambo ya kuangalia kabla ya kumruhusu mtoto kuingia, na mahali pa kuuliza.

BUSTANI YENYEWE

Six Flags Great Adventure iko Jackson, katika jimbo la New Jersey, kati ya majiji mawili makubwa, New York na Philadelphia. Ilifunguliwa Julai 1974, ikiwa na bustani ya michezo pamoja na hifadhi ya wanyama ambayo wageni huipitia wakiwa kwenye gari. Kutoka New York ni mwendo wa takriban kilomita 100, kwa hiyo shule na makanisa ya jiji hilo yaliweza kukodi basi asubuhi, watoto wakacheza mchana kutwa, na kurudi nyumbani usiku.

Bustani kama hiyo huishi kwa kuleta jipya kila msimu. Mwaka huu ni bembea ndefu zaidi, mwaka ujao ni kitu kingine. Mwishoni mwa miaka ya 1970 jipya lililopendwa lilikuwa nyumba ya kutisha: mgeni anatembea gizani kwa miguu, huku waigizaji waliovaa kama mizimu na maiti wakimrukia kutoka pembeni. Great Adventure ilipata yake, ikaitwa Haunted Castle, yaani Kasri la Mizimu.

JINSI KASRI LILIVYOJENGWA

Kwa nje lilionekana kama kasri la kale la wafalme wa Ulaya. Kwa ndani halikuwa jengo la kawaida. Yalikuwa matrela 17 ya mizigo, ya aina ile inayovutwa na malori barabarani, yaliyounganishwa na kugawanywa kwa mbao ili kufanya ujia mmoja mrefu wa kupindapinda. Kuta zilipambwa, taa zikapunguzwa, na sehemu nyingine ziliwekwa taa za kumwekamweka ili kumchanganya anayepita.

Kwa kuwa lilitengenezwa kwa matrela, halmashauri ya eneo hilo ililichukulia kuwa jengo la muda. Hapa ndipo palipo kiini cha somo hili. Jengo la kudumu lingehitaji kupitia masharti ya ujenzi, na miongoni mwake ni ulinzi wa moto. Jengo la muda halikubanwa hivyo. Matokeo yake, Kasri la Mizimu halikuwa na vinyunyizio vya maji vinavyofunguka vyenyewe moto unapozuka, wala mfumo wa kutambua moshi na kupiga king'ora.

Kasri hilo lilipokea wageni msimu baada ya msimu. Kufikia mwaka 1984 lilikuwa limekaa miaka kadhaa mahali pale pale, likiingiza umati wa watu, bado likiitwa la muda.

JIONI YA TAREHE 11 MEI 1984

Ilikuwa Ijumaa. Bustani ilikuwa na wageni wengi, wakiwemo wanafunzi kutoka Brooklyn, New York. Baada ya saa kumi na mbili jioni, moto ulizuka ndani ya kasri.

Uchunguzi ulionyesha kwamba moto ulianzia kwenye sponji iliyobandikwa ukutani. Sponji hiyo iliwekwa ili watu wasijiumize wanapojigonga gizani. Kwa mujibu wa maelezo yaliyotolewa baadaye, kijana mmoja aliyekuwa ndani aliwasha kiberiti cha gesi aone njia, na mwali ukagusa sponji. Kitu kilichowekwa kwa nia ya kuwakinga wageni ndicho kilichowaka kwanza.

Waliokuwa karibu na mlango walitoka. Waliokuwa katikati walijikuta gizani, katika ujia wa kupindapinda uliojaa moshi. Walipofika wazima moto na kuudhibiti moto, miili minane ilipatikana ndani. Wote walikuwa vijana wadogo, wengi wao wakazi wa jiji la New York waliokuja kwa matembezi ya siku moja.

KWA NINI MOTO ULIKUWA MKALI HIVYO

Sponji ya aina ile ni ya jamii moja na inayojazwa kwenye magodoro na makochi mengi ya nyumbani. Hutengenezwa kutokana na mafuta ya petroli, na imejaa vijitundu vya hewa. Kwa hiyo ikishika moto, ina vyote viwili: kitu cha kuungua na hewa ya kuchochea. Haihitaji moto mkubwa kuanza. Kiberiti kinatosha.

Hatari ya pili ni moshi. Sponji inapoungua hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu inayozuia damu kubeba oksijeni. Aina nyingi hutoa pia haidrojeni sayanaidi, ambayo ni sumu kali. Mtu anayevuta mchanganyiko huo huanza kuchanganyikiwa, miguu hulegea, na huenda akaanguka kabla mwali haujamfikia. Ndiyo sababu katika mioto mingi ya majumba, moshi huua watu wengi kuliko mwali wenyewe.

Hatari ya tatu ni umbo la jengo. Ujia mrefu, mwembamba na wenye dari ya chini hauna mahali pa moshi kwenda. Moshi wa moto hupanda kwanza, hukusanyika darini, kisha hushuka ukijaza njia. Katika ukumbi wenye dari ndefu, watu hupata muda kidogo wa kuinama na kutoka. Ndani ya trela, muda huo ni mfupi sana.

Hatari ya nne ni burudani yenyewe. Nyumba ya kutisha hufanikiwa kwa kumpoteza mtu njia. Giza, kelele, taa za kumwekamweka na kona nyingi ndivyo vinavyolipiwa tikiti. Siku ya moto, vitu hivyohivyo humzuia mtu kujua mlango uko upande gani. Tena, katika mahali ambapo kupiga mayowe ni sehemu ya mchezo, mayowe ya kweli hayamshtui mtu.

KESI NA UAMUZI WAKE

Serikali ya jimbo iliishtaki kampuni iliyoendesha bustani pamoja na kampuni mama yake kwa kosa la kusababisha vifo kwa kutojali. Upande wa mashtaka ulidai kwamba kampuni ilionywa na washauri wa usalama lakini haikuweka vifaa vya kulinda watu. Upande wa utetezi ulidai kwamba moto ulikuwa wa kuwashwa makusudi, na kwamba tahadhari hizo zisingewaokoa waliokufa.

Julai 1985, jopo la raia waliosikiliza kesi hiyo liliamua kwamba kampuni hizo hazina hatia.

Uamuzi huo una funzo lake. Mahakama ya jinai huuliza kama kosa la jinai limethibitishwa bila shaka. Hilo ni swali tofauti na kuuliza kama jengo lilikuwa salama. Jengo linaweza kuwa hatari na bado asipatikane mtu wa kufungwa, hasa pale ambapo halmashauri yenyewe ilikubali liitwe la muda. Kwa hiyo jamii haiwezi kutegemea kesi ya baada ya msiba ifanye kazi ya ukaguzi wa kabla ya msiba.

KILICHOBADILIKA BAADA YAKE

Moto huo uliwafanya watunga kanuni wa Marekani kuandika masharti mahususi kwa majengo ya burudani ya aina hii. Masharti hayo yamo katika kanuni za usalama na za ujenzi zinazotumika katika majimbo mengi ya nchi hiyo. Manne kati yake yanafaa kufahamika:

Kwanza, jengo la burudani ambamo njia imefichwa au kuchanganywa makusudi linapaswa kuwa na vinyunyizio vya maji vinavyofunguka vyenyewe.

Pili, linapaswa kuwa na vitambua moshi.

Tatu, moshi unapotambuliwa, burudani hukatika. Taa za kawaida huwaka, sauti za kutisha huzimwa, na alama za njia ya kutokea huonekana wazi. Mfumo hausubiri mfanyakazi akimbie kutafuta swichi.

Nne, neno "muda" limewekewa kipimo. Chini ya kanuni za ujenzi zinazotumika sana nchini humo, jengo la burudani la muda linaweza kusamehewa vinyunyizio ikiwa tu eneo lake halifiki mita za mraba 93 na umbali wa kutembea hadi mlango wa kutokea haufiki mita 15. Likizidi hapo, kuwa la muda hakulisaidii.

Sharti hili la nne linastahili kuzingatiwa zaidi na wakazi wa kaunti. Kanuni haikukataza majengo ya muda. Mfanyabiashara mdogo bado anaweza kusimamisha kibanda chake. Kilichobadilika ni swali. Zamani swali lilikuwa: jengo hili litakaa siku ngapi? Sasa maswali ni: ni kubwa kiasi gani, limetengenezwa kwa nini, na mtu aliye mwisho kabisa atatembea hatua ngapi kufika nje?

HALI ILIVYO KENYA

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Sehemu ya Pili ya Jedwali la Nne, inaziachia kaunti jukumu la burudani za umma na vifaa vya starehe, zikiwemo bustani na fuo. Jedwali hilohilo linazikabidhi kaunti huduma za kuzima moto na kukabiliana na majanga. Maana yake ni kwamba anayeruhusu bembea ifungwe na anayetuma gari la zimamoto wako chini ya serikali moja ya kaunti. Hilo ni jambo jema, kwa sababu hakuna haja ya idara moja kutoa kibali bila nyingine kujua.

Aidha, bustani ya burudani ni mahali pa kazi. Kanuni za Kupunguza Hatari ya Moto za mwaka 2007, zinazotumika katika maeneo ya kazi nchini, zinataka ukaguzi wa usalama wa moto na zoezi la kutoka kwa dharura vifanywe angalau mara moja kila mwaka. Mwajiri hawezi kusema wafanyakazi wake ni wa msimu tu.

Kwa upande wa mwananchi, Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016, ombi linapaswa kuamuliwa ndani ya siku 21, na likihusu uhai au uhuru wa mtu, habari itolewe ndani ya saa 48. Mzazi, mwalimu au mkaazi anayetaka kujua kama uwanja fulani umekaguliwa ana haki ya kuuliza na kujibiwa.

HESABU YA MLANGO

Hesabu hii haihitaji mtaalamu. Mlango wenye upana wa mita moja hupitisha takriban watu 60 hadi 80 kwa dakika, wakitembea kwa utaratibu bila kusukumana. Nchini Uingereza, kipimo kilichotumika kwa muda mrefu katika kupanga njia za kutokea ni dakika mbili na nusu.

Chukua mfano wa hema lenye watu 300 na mlango mmoja wa mita moja. Ukigawanya 300 kwa 60, mtu wa mwisho atatoka baada ya dakika tano. Hata ukitumia 80, ni karibu dakika nne. Hema hilo limejaza watu kupita uwezo wa mlango wake.

Ukiongeza mlango wa pili wa ukubwa uleule, muda hupungua hadi dakika mbili na nusu au chini yake. Lakini milango hiyo miwili isiwe ubavuni mmoja. Moto ukiwaka karibu na mlango wa kwanza, mlango wa pili ulio kando yake haufai kitu. Iwe pande zinazokabiliana, na watu waonyeshwe yote miwili mapema, kwa sababu mwenye hofu hukimbilia mlango alioingilia hata kama kuna mwingine ulio karibu.

MAMBO YA KUKAGUA

Kwa mwendeshaji wa burudani:

1. Sponji, mapazia, nyasi za kuigiza na karatasi za mapambo visibandikwe kwenye njia ya watu isipokuwa vile vilivyotengenezwa visishike moto kwa urahisi.
2. Milango ya kutokea ifunguke kwa nje, na isifungwe kwa kufuli, waya wala kamba watu wakiwa ndani.
3. Jenereta, mafuta yake, mitungi ya gesi na majiko ya kukaangia viazi vikae mbali na mahema na makontena, wala visizibe njia ya gari la zimamoto.
4. Taa ikiharibika ndani ya chumba cha giza, chumba kifungwe hadi itengenezwe.
5. Kila mfanyakazi ajue mtungi wa kuzimia moto ulipo, jinsi ya kuutumia, na swichi inayowasha taa zote na kuzima muziki.
6. Idadi ya watu wanaoingia ihesabiwe, na ikifika kikomo wengine wasubiri nje.

Kwa mzazi na mwalimu:

1. Kabla ya watoto kuingia, tafuta mlango wa pili. Kama haupo, msiingie.
2. Waeleze watoto mahali pa kukutana nje ikiwa watatengana.
3. Wafundishe kwamba palipo na moshi mtu huinama chini, kwa kuwa hewa safi iko karibu na sakafu, na kwamba hawarudi ndani kufuata simu, viatu wala begi.
4. Wakatazwe kubeba viberiti.
5. Ukiona hatari, mweleze msimamizi hapohapo. Asipochukua hatua, piga ripoti kwa ofisi ya wadi, ofisi ya msimamizi wa kata ndogo au kituo cha zimamoto cha kaunti. Moto ukizuka, piga 999 au 112.

Kwa mkaguzi na afisa wa kibali:

1. Usikague karatasi peke yake. Ingia ndani, taa zikiwa zimezimwa kama itakavyokuwa siku ya shughuli, na utembee hadi mwisho.
2. Pima umbali kutoka sehemu ya ndani kabisa hadi nje.
3. Kibali cha muda kiandikwe tarehe ya mwisho. Tarehe hiyo ikipita na jengo bado limesimama, likaguliwe upya kama jengo lingine lolote.
4. Onyo likitolewa, liandikwe, na aliyeonywa apewe siku ya kutekeleza. Onyo la mdomo husahaulika.

MASWALI YA MJADALA

Maswali haya yanaweza kutumiwa shuleni, katika vikundi vya vijana au katika baraza la wananchi.

1. Kwa nini kuwa na magurudumu, au kuwa kontena, hakupunguzi hatari ya moto kwa watu walio ndani?
2. Ni kitu gani katika Kasri la Mizimu kiliwekwa kwa ajili ya usalama lakini kikaleta madhara? Je, kuna mfano wa kitu kama hicho katika ukumbi, kanisa, msikiti au shule ya eneo lenu?
3. Chagua jengo moja la umma mnalolijua. Hesabuni milango inayofunguka, pimeni upana wake, na mkadirie watu wote watatoka kwa dakika ngapi.
4. Taja jengo "la muda" ambalo limekaa zaidi ya mwaka mmoja katika wadi yenu. Ni nani anayepaswa kuulizwa kama limekaguliwa?
5. Mahakama iliamua kwamba kampuni hazikuwa na hatia. Pamoja na hayo, ni hatua zipi zingeweza kuchukuliwa kati ya siku kasri lilipofunguliwa na siku lilipoungua, na kila hatua ingekuwa kazi ya nani?

Majibu ya swali la tatu na la nne yawasilishwe kwa maandishi katika ofisi ya wadi, yakionyesha jina la jengo, mahali lilipo na idadi ya milango, ili yafikishwe kwa idara inayosimamia huduma za zimamoto.